Mboloko haonekani tena porini: amehama ao amekwisha?

Kando ya barabara ya taifa nambari 4, tangu Bafwasende mpaka Mambasa, kupitia Niania na Epulu, kuna swali moja ambalo wawindaji, mama wauzaji wa nyama na machefu wa vijiji wanaulizana: nyama ya pori imeenda wapi? Zamani mwindaji alitoka na jua, akarudi mbele ya giza na mboloko begani. Leo anabeba unga wa muhogo wa siku 4 ao 5, chumvi, tochi na betri za akiba, na mara mingi anarudi na nungunungu mmoja, makako 2 na miguu iliyovimba.

Majibu hayakosekani. Mmoja anasema: «Banyama balihama tu, batarudia.» Mwengine anasema kelele ya kariere za dhahabu imewafukuza. Wa tatu anasema hifadhi ya Leta imewameza wote. Wa ine anasema ni wakubwa wa zamani, waliokufa, ndio wamefunga pori juu watu hawawaheshimu tena. Na wachache, kwa sauti ya chini, wanasema: tumewamaliza sisi wenyewe.

Mtu anaweza kufikiri haya ni mabishano ya kupitisha wakati chini ya baraza. Hapana. Kila jibu linaleta dawa yake. Kama wanyama wamehama, dawa ni kungoja. Kama hifadhi imewameza, dawa ni kugombana na walinzi. Lakini kama wamekwisha, ao wako karibu kukwisha, basi kila mwezi wa kungoja ni mwezi wa kuharibu zaidi. Ndiyo maana tumeona vizuri kuchukua majibu haya moja kwa moja, kuyapima, na kuonyesha gisi kijiji kinaweza kujua ukweli wa pori lake bila kungoja mwalimu atoke Kisangani ao Kinshasa.

Tunamsema mnyama gani

Katika pori la Ituri na la Tshopo, nyama ya kila siku haikuwa tembo wala nyati. Ilikuwa paa wadogo wa mwituni. Mboloko ndiye mdogo wao: mwenye manyoya ya kijivu, kilo 4 mpaka 6, anayepita chini ya majani bila kuyatikisa. Juu yake kuna ndugu zake wekundu, wa kilo 15 mpaka 20 na zaidi, na yule mkubwa mwenye alama ya manjano mgongoni, anayeweza kupita kilo 60.

Mambo 2 juu ya mboloko yanafaa kushikwa vizuri, kwani hesabu yote itatokea hapo. La kwanza: hatembei kwa kundi. Dume na jike wanakaa pamoja katika kipande chao cha pori, hekta chache tu, na wanakilinda. La pili: jike anabeba mimba karibu miezi 7, na anazaa mtoto mmoja tu. Si panya, si nguruwe. Mtoto mmoja.

«Balihama»: jibu lenye ukweli ndani yake

Tuanze na wale wanaosema wanyama wamehama. Si waongo. Paa wa mwituni wanakula zaidi matunda yaliyoanguka chini, na matunda hayaanguki kila mahali wakati mmoja. Mwezi fulani mti huu unaangusha, mwezi mwengine ule. Wanyama wanafuata tumbo lao kama sisi.

Mfano mkubwa ni mti wa mbau, unaotawala sehemu kubwa za pori la Ituri. Mbau hauzai sawasawa kila mwaka. Lakini mwaka unapozaa, mbegu zake nzito zinafunika chini, na nguruwe pori na wanyama wengine wanakusanyika huko. Mwindaji aliyebaki katika pori la kawaida ataona njia tupu, hakuna alama mpya, na atasema pori limekufa. Kumbe nyama iko upande mwengine, mwendo wa saa chache.

Basi jibu hili linaweza kuwa kweli kwa miezi 2 ao 3, pengine kwa msimu mzima. Lakini lina mpaka wake. Mnyama aliyefuata matunda anarudia matunda yanaporudia. Kama miti imezaa mara 2, mara 3, na chini yake hakuna alama ya kwato, hapo neno «balihama» halisaidii tena. Tena mboloko, tumesema, ni mnyama wa kipande chake. Anasogea kidogo ndani ya eneo lake, lakini hafungi mizigo na kwenda kukaa wilaya nyingine. Nguruwe pori anaweza kuhama mbali. Mboloko, vigumu.

«Wamekuwa wajanja»: jibu la pili

Kuna wanaosema wanyama wangali wako, lakini wamejifunza. Hata hapa kuna ukweli. Mwaka wa 2018, jarida la Science lilitoa utafiti uliokusanya habari za aina 62 za wanyama kutoka mabara mbalimbali. Ulionyesha kwamba mahali watu wanaposumbua, wanyama wanaondoa mwendo wao wa mchana na kuupeleka usiku. Wawindaji wetu wanalijua jambo hilo bila jarida. Yule anayebana pua na kumwita mboloko kwa sauti ya mtoto anayelia, anajua kwamba katika pori lisilowindwa mnyama anakuja mbio, na katika pori lililochoka anabaki kimya, amelala chini, hata ukipita karibu.

Basi mtu anaweza kutembea mchana mzima asione kitu, na wanyama wakawa wako. Lakini mnyama wa usiku naye anaacha mavi, anaacha kwato kwenye matope ya mto, anakula matunda na kuacha mbegu. Asubuhi alama zinabaki. Kama mchana hakuna mnyama na asubuhi hakuna alama, ujanja haukubaki kuwa sababu. Watafiti siku hizi wanafunga kamera ndogo kwenye miti, zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita, mchana na usiku. Kijiji kisicho na kamera kina macho ya wawindaji wake, na macho hayo yanatosha kama yakitumiwa kwa utaratibu.

Kelele, mashamba, kariere

Jibu la tatu ni kelele na uharibifu wa pori. Mahali mashini za kukata miti zinafanya kazi, mahali watu mamia wanachimba dhahabu mtoni, paa hawakai karibu. Hilo halina ubishi. Kariere zimefunguliwa mahali pengi katika eneo hili, hata ndani ya Hifadhi ya Okapi.

Lakini tuangalie vizuri kariere inaleta nini. Kelele inaharibu eneo lililo karibu nayo. Tumbo la kariere linaharibu mbali zaidi. Watu 500 walio porini bila mashamba wanahitaji kula kila siku, na wana pesa mkononi. Mwindaji aliyekuwa anauza nyama mara moja kwa juma, sasa ana mnunuzi kila asubuhi. Wachuuzi wa pikipiki wanaingia mpaka mwisho wa njia. Basi hata pale tunaposema «kelele», mara mingi tunasema soko bila kulitaja jina.

Hesabu ya mboloko

Sasa tufike kwa jibu ambalo halipendezi. Tufanye mfano, na ni mfano tu, wa kipande cha pori chenye mboloko 200, yaani dume na jike mara 100. Tuseme kila jike anazaa mtoto mmoja kwa mwaka. Watoto 100. Chui, chatu, tai mkubwa na magonjwa vinachukua nusu. Wanabaki 50. Kijiji kikichukua mboloko 50 kwa mwaka, mwaka unaofuata pori lina 200 tena. Kijiji kinakula, na wajukuu watakula.

Lakini tuseme barabara imetengenezwa, wanunuzi wamekuja, na kijiji kinachukua 80. Mwisho wa mwaka wa kwanza wanabaki 170. Nani ataona tofauti kati ya 200 na 170? Hakuna. Mwaka wa pili majike ni 85, watoto wanaopona ni 42; ukiondoa 80, wanabaki 132. Mwaka wa tatu wanabaki 85. Mwaka wa ine wanabaki 26. Mwaka wa tano mwindaji anasema: «Balihama.»

Angalieni vizuri mambo 2 katika hesabu hii. Kwanza, kuanguka hakuendi polepole mpaka mwisho. Kunaenda mbio kadiri mwisho unavyokaribia, kwa sababu majike wanapungua na kiasi kinachochukuliwa hakipungui. Ndiyo sababu watu wengi wanasema pori «lilinyamaza mara moja», na wanatafuta sababu ya ghafla kama uchawi. Hakukuwa na jambo la ghafla. Pili, kijiji kilichochukua 80 kilipata mboloko 320 kwa miaka 4, kisha kikabaki na mikono mitupu. Kijiji kilichochukua 50 kitapata 500 kwa miaka 10, na pori lake bado lina 200.

Soko linadanganya

Mtu atauliza: kama wanyama wanakwisha, mbona sokoni nyama bado iko? Hapa ndipo wengi wanapotea, hata wakubwa wa Leta. Meza ya soko haionyeshi pori. Inaonyesha bidii ya mwindaji.

Tuchukue mwindaji aliyekuwa na mitego 30, akipata wanyama 12 kwa mwezi. Mwaka huu anapata 12 vilevile. Mama muuzaji anasema hakuna tatizo. Lakini muulize mwindaji ana mitego mingapi sasa. Atasema 60. Mitego imekuwa mara 2, nyama imebaki ileile: kila mtego unapata nusu ya ilivyopata. Pori lake limepungua sana, na sokoni hakuna aliyeona kitu.

Soko linadanganya pia kwa njia nyingine. Mchuuzi hafungwi na kijiji kimoja. Pori la karibu likichoka, anaenda la mbali, kisha la mbali zaidi, na meza yake Mambasa ao Kisangani inabaki imejaa. Watafiti wanakadiria kwamba katika bonde lote la Kongo nyama ya pori inayotolewa kwa mwaka inapita tani milioni 4. Hesabu kubwa namna hiyo haimaanishi pori ni tajiri bila mwisho. Inamaanisha njia za kulifikia zimekuwa nyingi.

Mwaka wa 1992 mtaalamu wa Marekani, Kent Redford, aliandika juu ya «pori tupu»: miti imesimama, majani ni mabichi, ukitazama toka ndege kila kitu ni kizuri, lakini chini hakuna anayetembea. Na pori tupu halibaki hivyo bila hasara. Paa, nguruwe na tembo ndio wanaobeba na kupanda mbegu za miti mingi. Wakiondoka, miti ya kesho nayo haitakuwa ileile.

Kilichobadilika ni nini?

Babu zetu waliwinda, na nyama haikukwisha. Neno hili linasemwa kila mara, na ni la kweli. Wambuti wamewinda kwa nyavu katika pori la Ituri tangu zamani sana. Lakini angalia namna yao ya kazi: nyavu zinapangwa, wanawake na watoto wanafukuza wanyama, mnyama anashikwa angali mzima, na kambi inahama kabla pori halijachoka. Pori la nyuma linapumzika. Tena nyama ilikuwa ya kula na ya kubadilisha na ndizi ao muhogo wa wakulima jirani.

Kilichobadilika ni vitu 4. Cha kwanza ni waya. Mtego wa kamba ya pori ulioza kwa majuma machache. Waya unabaki miezi na miezi, unakamata usiku na mchana, hata mwenyewe akiwa mgonjwa nyumbani. Hauchagui: jike mwenye mimba, mtoto, okapi anayelindwa na sheria, mkono wa sokomutu. Na mnyama aliyekamatwa bila mtu kupita siku nyingi anaoza. Utafiti uliofanywa Bayanga, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, miaka ya 1990, ulikuta kwamba karibu robo ya wanyama walionaswa kwa waya walipotea kwa kuoza ao kuliwa na wanyama wengine. Robo ya nyama, haikushibisha mtu.

Cha pili ni tochi ya kichwani pamoja na bunduki ya kalibre 12, ile ya kiwanda ao ya kienyeji. Mboloko akimulikwa usiku anasimama, macho yanang'aa, na hapo hana tena ujanja. Cha tatu ni vita. Tangu miaka ya 1990 silaha zimepita katika pori hili mkono kwa mkono. Mwezi wa 6 mwaka wa 2012 wanamgambo walivamia Epulu, wakaua watu pamoja na okapi 14 waliokuwa wakifugwa kituoni. Mahali penye bunduki za namna hiyo, mtego wa mkulima si kitu kikubwa, na ni haki kulisema. Cha ine ni barabara na soko, ambavyo tumekwisha kuvieleza. Barabara nambari 4 ilipotengenezwa upya katika miaka ya 2000, kisha vita, ilileta chumvi, sabuni na dawa. Ilileta pia mnunuzi wa nyama mpaka mlangoni.

Je, hifadhi imewameza?

Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka wa 1992. Inapita kilometa za mraba 13,000. Unesco iliiandika katika urithi wa dunia mwaka wa 1996, na mwaka uliofuata ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Wengi wanaokaa kando yake wanaona kwamba nyama «imefungiwa» huko ndani.

Mnyama hajui kusoma kibao cha ICCN. Mahali asipowindwa anaongezeka, na watoto wanapokuwa wakubwa wanatafuta vipande vyao wenyewe. Kama ndani kumejaa, wanatoka inje. Kwa hiyo pori lililolindwa vizuri ni kama ghala linalomwaga mbegu kwa majirani. Kama majirani hawapati kitu, sababu moja kati ya hizi: ghala lenyewe limeibiwa, ao kila anayetoka anakutana na waya kwenye hatua ya kwanza.

Hata hivyo, malalamiko ya watu yana msingi. Mtu aliyeambiwa asiweke mtego, bila kuonyeshwa atakula nini, hatapenda mlinzi. Na akiona mchuuzi mwenye pesa ao mwenye bunduki anapita na magunia bila kuulizwa, atasema sheria ni ya maskini. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 mwezi wa 5, 1982, inataka ruhusa na inataka misimu ya kufunga. Sheria ya hifadhi ya mazingira ya tarehe 11 mwezi wa 2, 2014, imeongeza nguvu. Lakini msimu wa kufunga unaotangazwa mujini na kutofuatwa na waya uliobaki porini, ni karatasi tu. Waya haujui mwezi.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hatujui neno linalofaa pori letu kuliko hilo. Kijiji kinaweza kujua ukweli wake kwa daftari moja la shule na kalamu. Kila mwindaji akirudi, yaandikwe mambo machache: tarehe, amelala siku ngapi, alikuwa na mitego mingapi ao risasi ngapi, amekamata wanyama gani, dume ao jike, mkubwa ao mtoto, na alifika mto gani ao kilima gani.

Kisha mwaka mmoja, baraza likae na kusoma. Kama idadi ya wanyama kwa kila mitego 100 imeshuka, pori linapungua, hata kama soko limejaa. Kama wawindaji wanaenda mbali zaidi kuliko mwaka wa jana kwa nyama ileile, pori la karibu limekwisha. Kama wale wekundu wakubwa wameondoka kwanza na mboloko akabaki, kisha mboloko akaondoka na wakabaki panya na simbiliki, hiyo ni ngazi ya kushuka, na kijiji kijue kiko kwenye kidaraja gani. Hapa tuwe waangalifu: simbiliki wanapenda mashamba na majani, basi wakiongezeka peke yao si ushuhuda wa kutosha. Lakini alama zote 3 zikisema neno moja, hakuna haja ya kumwita mganga.

Na kama daftari linaonyesha kinyume, yaani kila mtego unapata kama zamani na wanyama wamepungua miezi ya matunda tu, basi waliosema «balihama» wamepata haki, na kijiji kilale usingizi. Daftari halina upande.

Saa ya kuamua

Turudie hesabu yetu mara ya mwisho, kwani hapa ndipo penye uzito wote. Kijiji kinachosimama wakati mboloko wamebaki 85, kikiacha pori lipumzike miaka 3, kitakuwa na 165. Kimeponea. Kijiji kinachongoja mwaka mmoja zaidi, mpaka wanabaki 26, kikipumzisha pori miaka ileile 3, kitakuwa na 50 tu. Mwaka mmoja wa kubishana unaleta tofauti ya zaidi ya wanyama 100.

Kupumzisha pori si neno la kigeni. Kila mkulima anajua kuacha shamba lilale. Kijiji kinaweza kugawanya pori lake, sehemu moja bila mtego wowote kwa miaka 2 ao 3, sehemu nyingine inawindwa, kisha kubadilisha. Katika sehemu inayowindwa, mitego ihesabiwe, ipitiwe kila siku 2, na waya uondolewe mwindaji anapoondoka. Uwindaji wa usiku kwa tochi ukatazwe kabisa. Mgeni asiingie bila ruhusa ya kijiji.

Karatasi ya kulinda uamuzi huo iko. Tangu dekreti ya tarehe 2 mwezi wa 8, 2014, jamii inaweza kuomba pori lake la asili liwe konsesyo ya jamii, mpaka hekta 50,000, na kuliwekea mpango wake wa matumizi. Ni kazi ndefu na inaomba ramani na mikutano, lakini inampa shefu nguvu ya kumwambia mchuuzi: hapa hapana. Wambuti wawe ndani ya mkutano tangu siku ya kwanza, si wa kuitwa mwishoni kuonyesha njia. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7, 2022, inawatambua haki yao, na kusema kweli hakuna daftari linalolijua pori hili kama wao.

Kwa upande wake, Leta isije na katazo peke yake. Mama anayeacha kununua mboloko lazima apate kitu kwenye sufuria. Katika vijiji vyetu kuku wanakufa kwa mamia ugonjwa wa Newcastle ukipita, na chanjo yake iko, ni ya bei ndogo, lakini haifiki. Mahali chanjo ya kuku inafika, na vidimbwi vya samaki vinachimbwa, mkutano juu ya waya unasikilizwa. Mahali havifiki, mlinzi ataendelea kuchoma nyama iliyokamatwa mbele ya watoto wenye njaa, na kesho waya utarudi mahali pake.

Sisi hatusemi watu waache kuwinda. Tunasema kila baraza la kijiji, mbele ya msimu unaokuja, lijibu maswali 3 kwa idadi, si kwa midomo: tuna mitego mingapi porini, tunafika mbali gani, na ni majike wangapi wenye mimba tuliowaleta nyumbani mwaka huu? Baraza lisiloweza kujibu, na linunue daftari juma hili.